Mchunga na Mwenye: Mapenzi, Kazi na Umiliki wa Ardhi katika Riwaya ya Ranchi ya Marekani

Ikisiri

Riwaya ya mapenzi inayosimuliwa katika ranchi za magharibi ya Marekani huhesabiwa kuwa fasihi ya kustarehesha, na wahakiki wengi huipita bila kuisoma. Makala haya yanadai kwamba msuko wake wa mapenzi hubeba swali la ardhi: nani atairithi ranchi, na kwa haki gani? Kwa kutumia tofauti ambayo Kiswahili huiweka wazi baina ya mchunga na mwenye, makala yanaonyesha namna utanzu huu unavyowaunganisha watu hao wawili katika mwili wa mpenzi mmoja, na ni wahusika gani wanaobaki nje muungano huo unapokamilika. Mifano mikuu ni This Calder Sky (1981) ya Janet Dailey na Montana Sky (1996) ya Nora Roberts. Riwaya za Lyla Sage, Elsie Silver na Rebekah Weatherspoon zinajadiliwa kwa ufupi.

Utangulizi

Mfasiri atakayejaribu kuileta riwaya ya ranchi katika Kiswahili atakwama mapema, pengine kwenye jalada. Neno litakalomkwamisha ni lile linalomtaja shujaa, nalo lina njia mbili. Ya kwanza ni kauboi, neno lililoingia kwa njia ya sinema, ambalo kwa wengi humaanisha kofia pana, bastola na farasi, bila ng'ombe hata mmoja. Ya pili ni mchunga ng'ombe, ambalo linataja kazi. Neno hili la pili linaibua swali ambalo Kiingereza huliacha lipite: ng'ombe wa nani? Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili mchunga na mwenye ni watu wawili. Mmoja huamka alfajiri, mwingine huhesabu. Wakati mwingine wanakutana katika mtu mmoja, lakini lugha haiuchukulii mkutano huo kuwa jambo la kawaida lisilohitaji kuelezwa.

Utanzu unaojadiliwa hapa umejengwa juu ya kudhani kwamba jambo hilo halihitaji kuelezwa. Shujaa wa riwaya ya kisasa ya ranchi huitwa mchunga ng'ombe katika jina la kitabu, katika mazungumzo na katika mawazo ya mpenzi wake, ilhali mara nyingi yeye ni mwenye ranchi, au mrithi wake, au kitinda mimba wa familia yenye maelfu ya ekari. Viganja vyake vina sugu za kazi na jina lake limo katika hati ya ardhi. Mvuto wake wote unategemea kuwa na vitu hivyo viwili pamoja.

Katika uhakiki wa Kiswahili, mjadala wa fasihi pendwa umeelemea riwaya ya upelelezi na ya uhalifu, ile ya akina Musiba na Mtobwa, na swali limekuwa iwapo kazi hizo zina dhima yoyote nje ya kuburudisha. Swali hilo lina mipaka yake. Kazi inayofuata kanuni huonyesha mengi pale kanuni inapoelemewa, yaani pale mwandishi anapolazimika kumuua, kumfukuza au kumsahau mhusika ili mwisho uliokwisha kuahidiwa upatikane. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kuzisoma riwaya hizi kwa jicho hilo. Ranchi kwake ni jambo la serikali, kama Kongwa, au la mabishano ya muda mrefu, kama Laikipia. Ni vigumu kwake kuisoma ranchi kama mandhari tu.

Mchunga wa historia na shujaa wa riwaya

Mchunga ng'ombe wa Marekani wa karne ya 19 alikuwa mtu wa mshahara. Istilahi zake nyingi alizirithi kwa Wameksiko waliochunga Texas na California kabla yake, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne walioswaga makundi kutoka Texas alikuwa Mweusi. Alilala ardhini au katika banda la vibarua, na msimu ulipokwisha aliondoka. Mwaka 1883 wachunga ng'ombe wa Panhandle ya Texas waligoma wakidai dola 50 kwa mwezi. Nyuma ya madai hayo ya mshahara kulikuwa na lalamiko jingine linalogusa moja kwa moja hoja ya makala haya: ranchi kubwa, ambazo sasa zilikuwa mali ya makampuni, zilikuwa zimeanza kuwakataza vibarua wao kuwa na ng'ombe na chapa yao wenyewe. Mchunga alizuiwa kwa kanuni asije akawa mwenye. Mgomo ulishindwa.

Wyoming ilifika mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1884 iliwapa wafugaji wakubwa, kupitia chama chao, mamlaka juu ya ndama wasio na chapa, na mwezi Aprili 1892 baadhi yao walikodi watu wenye silaha kutoka Texas kwenda kuwaangamiza wafugaji wadogo wa Johnson County waliowaita wezi. Nate Champion na Nick Ray waliuawa kabla ya wanajeshi kuingilia kati. Miaka kumi baadaye, mwaka 1902, Owen Wister, aliyekuwa amekaa miongoni mwa wafugaji wakubwa wa Wyoming na kuwapenda, alitoa The Virginian, riwaya ambayo karibu kila historia ya utanzu huu huanza nayo.

Riwaya ya Wister hukumbukwa kwa mapambano ya bastola, lakini msuko wake ni wa posa: mchunga kutoka Virginia anamtaka Molly Wood, mwalimu kutoka Vermont, na anamsubiri. Safari yake ya kijamii inakwenda sambamba na safari ya mapenzi. Anaanza akiwa kibarua, anakuwa mnyapara, na mwishoni ana ardhi yake yenye makaa ya mawe chini. Katikati ya safari hiyo kuna unyongaji. Steve, rafiki yake, ameiba ng'ombe, na shujaa ndiye anayeongoza kundi linalomnyonga. Wister anatumia kurasa nyingi kumfanya Molly, na msomaji pamoja naye, akubali tendo hilo. Inafaa kuuliza kwa nini hadithi ya mapenzi ihitaji kitanzi. Jibu linalotolewa hapa ni kwamba Steve ndiye mchunga aliyetaka kuwa mwenye kwa njia fupi, na kifo chake ndicho kinachoitakasa njia ndefu ya shujaa, ile inayopitia utii kwa mwajiri na kuishia katika ndoa.

Wanawake waliingia katika utanzu huu mapema kuliko inavyosemwa. B. M. Bower, aliyeijua Montana kwa kuishi huko, alichapisha Chip of the Flying U mwaka 1906. Humo dada wa mwenye ranchi ni daktari, na kibarua wa kakake ndiye anayempenda. Tofauti ya mchunga na mwenye inageuzwa kuwa mzaha mwepesi, na hakuna anayenyongwa. Kwa upande mwingine Zane Grey, katika Riders of the Purple Sage (1912), alimpa mwanamke ranchi nzima kisha akamnyang'anya. Jane Withersteen amerithi ng'ombe, nyumba na chemchemi ya maji kutoka kwa baba yake huko Utah, na Tull, mzee wa kanisa lake la Kimormoni, anataka kumwoa, jambo ambalo lingemfungulia pia njia ya mali hiyo. Jane anaokolewa na Lassiter, lakini kwa gharama ya kila alichokuwa nacho, na riwaya inaisha wawili hao wamejifungia katika bonde lisilo na njia ya kutokea. Mwaka 1912 mwanamke aliweza kupata mapenzi au ardhi. Kwa utanzu wa kisasa kuchagua kimoja kati ya viwili hivyo ni kushindwa, na tofauti hiyo ndiyo alama ya wazi zaidi ya mabadiliko yaliyotokea.

Jarida la Ranch Romances, lililodumu kutoka mwaka 1924 hadi 1971, lilisaidia kuleta mabadiliko hayo kwa kuwazoesha wasomaji wa kike na wa kiume hadithi ambayo bunduki na posa zina uzito sawa. Jane Tompkins (1992) aliieleza riwaya ya magharibi kuwa jibu la kiume kwa riwaya ya nyumbani ya karne ya 19, riwaya ya wanawake, kanisa na jikoni. Maelezo yake yanamfaa Grey, na hata Wister kwa kiasi. Hayaitoshi riwaya ya ranchi, kwa kuwa ranchi ni nyumba. Ina jiko, ina vitabu vya hesabu, ina makaburi ya familia nyuma ya kilima.

Kitanzi katika This Calder Sky

Janet Dailey anatajwa kuwa Mmarekani wa kwanza kuchapishwa na Harlequin, na kwa miaka ya 1970 alikuwa mwandishi wa vitabu vifupi vilivyotoka haraka. This Calder Sky ni kitabu cha aina nyingine: kirefu, chenye vizazi, na chenye chuki ya kitabaka inayosemwa waziwazi. Familia ya Calder inamiliki Triple C, ranchi ya Montana iliyo kubwa kiasi cha kuwa na sheria yake. Jirani yao, Angus O'Rourke, ana kipande kidogo na kinyongo kikubwa. Chase, mrithi wa Calder, anampenda Maggie, binti wa Angus. Angus anaiba ng'ombe wa Triple C, na watu wa Calder wanamnyonga.

Mbegu ya Wister imeota tena baada ya karibu miaka 80, ila Dailey ameipanda mahali pengine. Katika The Virginian aliyenyongwa ni rafiki wa shujaa, na mwanamke anafundishwa kuelewa. Hapa aliyenyongwa ni baba wa mwanamke. Maggie ana mimba na anaondoka kwenda California, anamlea mwanawe huko kwa miaka mingi, na anarejea akiwa mtu ambaye akina Calder hawawezi tena kumwita maskini. Dailey hamwombi msomaji ausamehe unyongaji huo mapema. Kwa sehemu kubwa ya kitabu Maggie ana haki, na mwandishi anajua kwamba ana haki.

Kinacholeta suluhu ni mtoto. Ty, mwana wa Chase na Maggie, anakwenda Triple C kumtafuta baba yake, na kwa kuwa ndani yake zimo damu zote mbili, swali la nani alimdhulumu nani linageuka kuwa swali la nani atarithi. Hii ndiyo hila kuu ya utanzu. Madai ya O'Rourke juu ya nguvu za Calder hayajibiwi, yanaolewa. Mjukuu wa mtu aliyenyongwa atakuja kuwa mwenye, na kwa hiyo hakuna tena wa kudai. Pamela Regis (2003), katika orodha yake ya viungo vya lazima vya riwaya ya mapenzi, anakitaja kizuizi kati ya wapenzi kuwa kiini cha msuko. Katika This Calder Sky kizuizi ni maiti, na inashangaza jinsi kanuni ya mwisho mwema inavyoweza kuibeba maiti hiyo hadi madhabahuni bila kuizika. Pamoja na hayo, Dailey anastahili sifa ambayo hapewi mara kwa mara: ameonyesha kwamba ukubwa wa ranchi ulilindwa kwa kuua. Wengi waliomfuata wameuacha ukubwa ulivyo na kuifuta kamba.

Wosia wa Jack Mercy

Montana Sky ya Nora Roberts inaanza na maziko. (Kuna kejeli ya kihistoria katika kuwaweka waandishi hawa wawili pamoja, kwani mwaka 1997 Dailey alikiri kwamba alikuwa amenakili sehemu za vitabu vya Roberts, mjadala wa mali na jasho la mwingine haukuishia kwenye ng'ombe.) Jack Mercy, aliyeoa mara tatu na kupata binti mmoja kwa kila mke, amekufa na kuacha wosia wenye sharti: mabinti zake watatu, ambao hawajawahi kuishi pamoja, wakae ranchini mwaka mzima, la sivyo hakuna atakayerithi. Tess ni mwandishi wa filamu kutoka Hollywood anayetaka fungu lake aondoke. Lily anamkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Willa ndiye pekee aliyelelewa hapo, na ndiye anayeiendesha ranchi.

Sharti la wosia ni hila ya zamani, na mhakiki mvivu angeweza kuishia kwenye kusema hivyo. Lakini Roberts anaitumia hila hiyo kutenganisha mambo ambayo utanzu kwa kawaida huyachanganya. Haki ya Willa, kwa maoni yake mwenyewe, inatokana na kazi: yeye ndiye aliyetengeneza uzio, akazalisha ng'ombe usiku wa baridi, akawalipa vibarua. Wosia hautambui kazi. Unatambua damu, na kwa damu Willa ni sawa kabisa na dada wawili wasiojua tandiko linafungwaje. Hasira yake katika sura za mwanzo si ya uchoyo. Ni hasira ya mchunga aliyedhani kwamba kuchunga kwa muda mrefu vya kutosha humfanya mtu kuwa mwenye.

Kisha kuna Adam Wolfchild. Ni kaka wa Willa kwa mama, ni Mblackfoot, na ndiye mwenye mkono bora wa farasi katika ranchi nzima. Amefanya kazi hapo maisha yake yote ya utu uzima na hana fungu katika mirathi, kwa kuwa si wa damu ya Mercy. Kwa mtu yeyote anayeijua historia ya kaskazini mwa Montana nafasi yake katika kitabu ni nzito kuliko inavyokusudiwa. Mkataba wa mwaka 1855 uliwatambua Blackfeet kuwa na haki katika eneo kubwa ambalo baadaye lilipunguzwa mara kadhaa, na mwaka 1895 ukanda wa milima upande wa magharibi wa hifadhi yao ulikwenda kwa serikali kwa dola milioni 1.5, sehemu yake leo ni hifadhi ya taifa ya Glacier. Adam ana dai la zamani kuliko wosia wowote, na riwaya inampa kila fadhila isipokuwa ya kulitamka. Ni mpole, mwenye busara, mponyaji wa farasi na wa wanawake waliojeruhiwa. Hakasiriki. Anaingia katika ranchi kwa kumwoa Lily, yaani anapata kwa ndoa kile ambacho historia ilikichukua kwa mkataba. Upole wake ndio udhaifu mkubwa wa kitabu. Mwandishi aliyeweza kumwandika Willa akitetemeka kwa hasira juu ya theluthi moja ya ranchi angeweza kumpa Adam walau usiku mmoja wa hasira.

Hasira ambayo Adam amenyimwa imewekwa kwingine. Katika mwaka ule wa sharti watu na wanyama wanachinjwa ranchini, na msomaji anaelekezwa kumshuku mume wa Lily. Muuaji, inapobainika, ni Jim Brewster, mmoja wa vibarua, anayedai kwamba yeye pia ni mtoto wa Jack Mercy, aliyezaliwa nje ya ndoa. Hapo ndipo hesabu ya riwaya inapofunuka. Tess na Lily wana damu na jina bila kazi. Adam ana kazi bila damu. Willa ana vyote. Jim, kama dai lake ni kweli, ana damu na ana kazi. Kinachokosekana ni jina. Tofauti kati yake na shujaa wa kike ni cheti cha ndoa cha mama. Zaidi ya hapo, Jack Mercy alitaka mwana wa kiume ambaye wake zake hawakumzalia, kumbe mwana huyo, kwa dai la Jim, alikuwa akilala katika banda la vibarua na kupokea mshahara kila mwezi.

Huenda Roberts alihitaji tu mshangao wa riwaya ya uhalifu. Hata hivyo mshangao aliouchagua ndio ambao utanzu wote umekuwa ukiukwepa: mchunga ambaye kweli ni mwenye, na ambaye hakuna harusi inayoweza kumwingiza. Jim hawezi kuolewa na ranchi, maana wote walio na ranchi ni dada zake. Kanuni haina mlango wa kumpitisha. Inabidi awe mwendawazimu, aue kwa ukatili unaofuta huruma yoyote, kisha afe. Baada ya kifo chake Willa anamchukua Ben McKinnon, mwenye ranchi jirani, na mipaka ya ardhi inakuwa salama kuliko wakati wowote wa uhai wa Jack. Janice Radway (1984) alionyesha kwamba wasomaji wa riwaya za mapenzi wanajua vyema kinachowapungukia maishani na husoma ili kukifidia. Hoja yake inaweza kupanuliwa hapa: kinachofidiwa katika Montana Sky si uangalizi wa mume peke yake, bali pia hakikisho kwamba jasho la mtu litaandikwa katika hati. Riwaya inampa msomaji hakikisho hilo kupitia Willa, na inalikana kupitia Jim, katika kurasa zilezile.

Kazi kama lugha ya mapenzi

Itakuwa dhuluma kuuachia utanzu huu lawama peke yake. Kuna jambo ambalo unalifanya vizuri kuliko riwaya nyingi za dhati, nalo ni kuiandika kazi ya mikono kama mawasiliano kati ya watu wawili. Tukio la ndama anayekataa kutoka ni mfano wa kawaida. Ni usiku, ni mwishoni mwa majira ya baridi, mtamba amelala na miguu ya ndama imeonekana lakini kichwa kimegeuka. Wawili ambao mchana waligombana wako magotini katika majani. Mmoja anaingiza mkono, mwingine anashika mnyororo na kusubiri msukumo wa mama. Hakuna nafasi ya maneno yasiyohusu kazi. Mwandishi mzuri anajua kwamba kusubiri msukumo, na kutovuta kabla ya wakati, ni maelezo ya kutosha kuhusu mwanamume huyo ni mume wa aina gani. Hakuna tashbihi inayohitajika, na wale wanaoiongeza huharibu.

Ustadi hapa unachukua nafasi ambayo katika riwaya ya mapenzi ya mjini huchukuliwa na fedha au maneno matamu. Ndiyo maana shujaa asiyejua kazi hawezi kusamehewa, na ndiyo maana mgeni wa mjini lazima apitie somo la kupanda farasi, kuanguka na kupanda tena. Utanzu unaamini, kwa dhati ya kugusa, kwamba watu hujulikana kwa jinsi wanavyoshughulika na kitu kisichoweza kuongopewa. Farasi hadanganyiki. Lakini ni imani hiyohiyo inayofanya kimya kuhusu vibarua kiwe kizito. Kama kazi ndiyo kipimo cha utu, wale wanaofanya kazi zaidi wangepaswa kuwa katikati ya hadithi, na hawapo. Katika nyingi ya riwaya hizi vibarua ni sauti za ucheshi mezani wakati wa kiamshakinywa.

Ranchi isiyodaiwa

Wimbi jipya, lililopata wasomaji wengi vijana tangu mwaka 2022, limeibadilisha ranchi kuwa mahali pa kupona. Katika Done and Dusted (2023) ya Lyla Sage, Emmy Ryder anarudi Rebel Blue, ranchi ya baba yake huko Wyoming, baada ya ajali ya farasi iliyomwachia hofu. Katika Heartless ya Elsie Silver, sehemu ya mfululizo wa Chestnut Springs unaosimuliwa Kanada, mfugaji mwenye mtoto anampata mpenzi katika mlezi aliyeajiriwa kwa majira ya kiangazi. Wanawake wa riwaya hizi wana lugha ya kujieleza ambayo Maggie O'Rourke hakuwa nayo. Hofu inaitwa hofu, ridhaa inaombwa kwa maneno, na baba mpole kama Amos Ryder anashika nafasi iliyokuwa ya mababa wa chuma kama Webb Calder na Jack Mercy. Hayo ni mafanikio.

Kilichotoweka ni deni. Ranchi haiko tena hatarini kuuzwa, wosia hauna makali, jirani hana kinyongo. Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa umri wa wazalishaji ni miaka 58.1, na swali la nani atashika hatamu wazee wakiondoka liko hai katika kaunti nyingi za ufugaji. Katika riwaya hizi warithi wana miaka thelathini hivi, wapo wote, wana afya, na wanaelewana. Katika Swift and Saddled (2024), kitabu cha pili cha mfululizo wa Sage, mpango wa mwana wa kati ni kuikarabati nyumba ya zamani iwe ya kupokea wageni, na mpenzi wake ni mbunifu wa mapambo ya ndani aliyeletwa kwa kazi hiyo. Ranchi ya wageni si ubunifu wa leo. Ndugu wa Eaton walianza kupokea wageni wa kulipa huko Dakota katika miaka ya 1880, na mwaka 1904 wakahamia Wolf, Wyoming. Ila katika riwaya maana yake imebadilika. Ng'ombe wamekuwa mandhari ya mgeni, na msomaji ameketi mahali pa mgeni: anaipenda ardhi bila kuulizwa inalipiwaje. Kati ya kitanzi cha Dailey na mapazia ya Ada Hart kuna maendeleo ya adabu na hasara ya kumbukumbu.

Hapo ndipo A Cowboy to Remember (2020) ya Rebekah Weatherspoon inapohitaji kusomwa kwa makini kuliko jalada lake linavyodokeza. Kwa mtazamo wa kwanza ni mfano kamili wa ranchi isiyodaiwa: Big Rock ni mahali pa anasa huko California, wageni ni matajiri, na msuko umeazimwa kutoka ngano ya mrembo aliyelala. Evie Buchanan, mpishi maarufu wa televisheni, anaanguka na kupoteza kumbukumbu, na anarudishwa ranchini kwa watu waliomjua utotoni, akiwemo Zach Pleasant, kijana aliyewahi kumkataa. Familia ya Pleasant ni ya Wamarekani Weusi, na ranchi ni yao.

Weatherspoon hatoi hotuba juu ya hilo, wala hana haja. Mchunga Mweusi aliyeswaga makundi kutoka Texas alifutwa katika riwaya tangu Wister, na Nat Love, aliyeandika mwenyewe maisha yake mwaka 1907, alimaliza kazi ya ng'ombe na kuwa mhudumu katika mabehewa ya treni. Kuunganisha mchunga na mwenye katika mwili wa Zach si tendo lilelile kama kuwaunganisha katika mwili wa Chase Calder, ingawa kanuni ni ileile na busu linakuja katika sura ileile. Kwa Calder muungano huficha namna ardhi ilivyopatikana. Kwa Pleasant unamrudishia mtu kitu ambacho wafugaji wa Texas walimkataza babu yake kwa kanuni ya chapa. Na mwandishi ameufanya upotevu wa kumbukumbu kuwa maradhi ya shujaa wa kike, huku wanaokumbuka kila kitu, pamoja na bibi wa familia, wakiwa ndio wenye nyumba. Evie anazunguka ranchini akiuliza watu yeye ni nani na alikuwa akifanya nini hapo, na kwa mara moja katika utanzu huu kuna mtu wa kumjibu.